Dada ameandikishwa kwenye orodha ya nyumba Marekani: maana yake ni nini?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kikongomani anayepanga chumba Nsambya, hapa Kampala, alinionyesha picha ya barua aliyotumiwa na mdogo wake kwa WhatsApp. Mdogo huyo alihamia Marekani pamoja na watoto wake watatu akitokea makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na barua ilitoka kwenye mamlaka ya nyumba ya mji anakoishi. Picha ilikuwa na kivuli cha kidole upande mmoja, na mistari ya chini ilisomeka kwa taabu, lakini nembo ya ofisi, namba ya ombi na jina la mdogo wake vilionekana wazi. Hivyo vilitosha. Kabla jua halijatua, ua mzima ulikuwa umeshapata habari kwamba serikali ya Marekani imempa yule dada nyumba. Kufikia Jumapili, watu wawili wa ukoo walikuwa wamemwandikia kuhusu karo za watoto wao, wakisema kwamba sasa hana mzigo wa kodi.

Barua haikusema hivyo. Ilisema kwamba jina lake limewekwa kwenye orodha ya kusubiri, kwamba ofisi haiwezi kutaja tarehe ya kumfikia, na kwamba akihama bila kutoa taarifa jina linaweza kufutwa. Alikuwa bado analipa kodi yote kutoka mfukoni mwake, kama alivyokuwa akilipa mwezi uliotangulia. Naandika maelezo haya kwa ajili ya jamaa walioko Uganda ambao hupokea picha za namna hiyo, kwa sababu nimeona mara nyingi jinsi neno moja lililosomwa vibaya linavyoweza kuleta lawama kati ya ndugu waliopendana maisha yao yote.

Nadhani kosa letu lina asili yake. Kwa mtu aliyekulia Kampala, nyumba ya serikali ni nyumba ya kugawiwa. Serikali ya kikoloni ilijenga mitaa ya Naguru na Nakawa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na baada ya uhuru shirika la taifa la nyumba likajenga maghorofa ya Bugolobi, Bukoto na Wandegeya. Aliyegawiwa alipewa ufunguo, akaingia. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba nyingi za umma ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi ndani yake, na mnamo Julai 2011 mitaa ya Nakawa na Naguru ilibomolewa. Leo mtu wa kipato cha chini anayeishi kwenye muzigo, kama Waganda wanavyokiita chumba kimoja cha kupanga, hana ofisi ya jiji wala ya wilaya ambako anaweza kujaza fomu ili asaidiwe kulipa kodi. Anayo Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, ambayo inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi na inamkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Ni sheria ya maana, na kila mpangaji angefaa kuijua, lakini haimchangii mtu hata shilingi moja ya kodi. Kwa hiyo tunaposikia kwamba kuna serikali inayomchangia mpangaji kodi mwezi kwa mwezi, huku nyumba ikiwa ya mtu binafsi, hatuna mfano wa karibu wa kulinganisha nao, na tunarudi kwenye picha ya zamani ya kukabidhiwa ufunguo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mwombaji haombi Washington. Sheria ya nyumba ya Marekani ya mwaka 1937 iliweka msingi wa nyumba za umma zinazosimamiwa na mamlaka za mahali, na hadi leo fedha na kanuni kuu hutoka serikali kuu, kupitia wizara ya nyumba na maendeleo ya miji iliyoundwa mwaka 1965, lakini orodha ya majina iko mikononi mwa mamlaka ya mji, ya kaunti, au wakati mwingine ya jimbo. Mamlaka hizo ni zaidi ya 3,000. Ni kana kwamba Wakiso ina daftari lake, Mukono lake na Mbarara lake, na jina lililoandikwa Wakiso halijulikani kabisa Mukono. Kwa sababu hiyo mtu anaruhusiwa kuomba katika miji kadhaa kwa wakati mmoja, na wenye uzoefu hufanya hivyo, ila kila ombi lina namba yake, barua zake na tarehe zake za mwisho, na kukosea katika moja hakufidiwi na jingine.

Jambo la pili ni kwamba chini ya jina hilo moja la msaada wa nyumba kuna milango mitatu. Upo mlango wa nyumba za umma, ambazo mamlaka yenyewe inazimiliki na kuzipangisha. Upo wa majengo ya watu binafsi au mashirika ambayo ruzuku yake imefungwa kwenye jengo: mpangaji akihama, ruzuku inabaki pale pale na kumfaa atakayeingia, na mara nyingi maombi hupelekwa kwa meneja wa jengo badala ya ofisi ya mamlaka. Mlango wa tatu ndio unaozungumzwa zaidi, nao ni wa vocha, ambayo wahamiaji wote wanaiita Section 8 kwa kufuata kifungu cha sheria kilichoianzisha mwaka 1974. Mwenye vocha hutafuta nyumba mwenyewe katika soko la kawaida, na mamlaka humlipa mwenye nyumba sehemu ya kodi moja kwa moja. Zaidi ya kaya milioni 2 zinaishi kwa utaratibu huo. Jamaa akikuambia kwamba ameomba nyumba, swali la kwanza la kumuuliza ni kwamba ameomba kupitia mlango gani, kwa kuwa majibu ya maswali mengine yote yanategemea hilo.

Anayestahili ni nani? Kipimo kikuu ni mapato ya kaya yakilinganishwa na kipato cha kati cha eneo husika, yaani kile ambacho nusu ya familia za eneo hilo wako juu yake na nusu wako chini yake. Kwa vocha, kwa kawaida mapato yasizidi asilimia 50 ya kipato hicho, na sheria inataka angalau familia 75 katika kila familia 100 zinazoingizwa kwa mwaka ziwe miongoni mwa maskini zaidi, wale walio chini ya asilimia 30 au chini ya mstari wa umaskini wa nchi. Viwango hubadilika kwa eneo na kwa ukubwa wa familia, ndiyo maana mtu anaweza kukataliwa katika kaunti moja na kukubaliwa katika kaunti jirani akiwa na mshahara ule ule.

Kipimo cha pili ni hadhi ya kisheria ya kuishi nchini. Aliyepokewa kama mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu ni miongoni mwa wanaokubaliwa kisheria. Familia ambayo baadhi ya watu wake hawana hadhi hiyo haifukuzwi yote, bali ruzuku hupunguzwa kwa uwiano wa wale wasiostahili.

Hapa ndipo makaratasi yanapoanza kuwatesa watu wetu. Katika makazi ya wakimbizi, wengi waliandikwa kuwa wamezaliwa Januari 1 kwa sababu tarehe kamili haikujulikana; majina ya Kikongomani yenye sehemu tatu yaligeuzwa, la katikati likawa la ukoo; mtoto akaandikwa kwa jina la baba kwenye karatasi moja na la mama kwenye nyingine. Karani wa mamlaka ya nyumba hana namna ya kujua kwamba hayo ni makosa ya foleni ya siku ya joto huko Nakivale. Anachokiona ni majina mawili yasiyofanana, na kazi yake ni kusimamisha faili hadi yafanane. Katika hili jamaa waliobaki Uganda wanaweza kusaidia kuliko mahali pengine popote, kwa maana mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kupatiwa cheti cha kuzaliwa na mamlaka ya usajili, NIRA, na ni rahisi zaidi kukifuatilia ukiwa hapa kuliko ukiwa ng’ambo. Herufi zifuatwe moja baada ya nyingine, kama zilivyo kwenye hati zake za Marekani.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe, ambayo ndiyo roho ya jambo hili. Msaada wa nyumba Marekani haukutungwa kama haki ambayo kila anayestahili huipata. Bunge hutenga fedha kwa idadi fulani, na zikiisha zimeisha. Inakadiriwa kwamba kati ya kaya nne zinazostahili, ni moja tu inayopata msaada wowote wa kodi kutoka serikali kuu. Waliobaki ama wako kwenye orodha, ama wanangoja orodha ifunguliwe, kwa kuwa mamlaka ikiona majina yamekuwa mengi mno huifunga na kutopokea ombi lolote, pengine kwa miaka. Inapofunguliwa tena hutangaza, wakati mwingine kwa siku chache tu, na katika miji mingi hakuna faida ya kuwahi alfajiri, kwa maana majina yote yaliyopokewa katika siku hizo huchezeshwa bahati nasibu na kompyuta ili kupata watakaoingia orodhani na mpangilio wao.

Kuingia orodhani pia hakumaanishi kwamba wa kwanza kuandikwa ndiye wa kwanza kuitwa. Kila mamlaka ina vipaumbele vyake: mji mmoja huwatanguliza wasio na makazi, mwingine waliokwisha kuishi au kufanya kazi katika eneo hilo, mwingine wazee, watu wenye ulemavu au waliotumikia jeshi. Mtu anaweza kuona wengine wakimpita, akadhani kuna rushwa, kumbe ni vipaumbele vilivyochapishwa wazi na ambavyo huenda naye alistahili kimojawapo bila kukijaza kwenye fomu. Kusubiri miaka miwili au mitatu ni jambo la kawaida, na katika miji mikubwa wapo wanaosubiri zaidi ya hapo.

Katika kipindi hicho chote, kazi ya mwombaji ni moja: apatikane. Mara kwa mara mamlaka hutuma barua au ujumbe kuuliza kama bado anahitaji kubaki orodhani, na huweka tarehe ya mwisho ya kujibu. Barua ikirudi kwa sababu mtu amehama, jina hufutwa, na miaka yote ya kusubiri inakwenda nayo. Wakimbizi wanahama sana katika miaka ya mwanzo. Shirika lililowapokea huwatafutia nyumba ya kwanza, kodi inawashinda, wanahamia kwa rafiki, kisha wanasikia kwamba viwanda vya nyama vya Iowa vinaajiri, wanapanda basi. Nimemsikia baba mmoja kwenye simu akilia kwa sababu barua ya kumwita ilikwenda kwenye anwani aliyoihama majira ya baridi, na alipoipata tarehe ilikuwa imepita. Wakati huo hakujua kwamba angeweza kuandika kuomba arudishwe orodhani akieleza sababu. Mamlaka nyingine hukubali, hasa pale ugonjwa au ulemavu ulipohusika.

Tuseme jina limefikiwa. Mwombaji huitwa kwenye mahojiano, huleta hati za mapato, za utambulisho na za watoto, na akipita hupewa vocha yenye muda wa kutafuta nyumba usiopungua siku 60. Anatafuta mwenye nyumba atakayekubali, na katika majimbo mengi mwenye nyumba anaruhusiwa kukataa vocha, ingawa baadhi ya majimbo na miji imekataza ukataaji huo. Akikubali, mkaguzi wa mamlaka huja kuangalia kama nyumba inafaa: maji ya moto, umeme salama, king’ora cha moshi, madirisha yanayofunga. Mamlaka huangalia pia kama kodi inayodaiwa inalingana na ya nyumba nyingine za jirani. Ndipo mikataba miwili inasainiwa, mmoja kati ya mpangaji na mwenye nyumba, mwingine kati ya mwenye nyumba na mamlaka. Amana ya kuingia hulipwa na mpangaji mwenyewe, na si wachache wanaorudisha vocha kwa sababu muda uliisha kabla hawajapata nyumba.

Hesabu ya fedha ndiyo inayofichua kwa nini hakuna nyumba ya bure. Chukua mfano wa mama mwenye watoto watatu anayepata dola 2,400 kwa mwezi kabla ya makato. Mamlaka hupunguza kiasi fulani kwa kila mtoto. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 480 kwa mwaka, na siku hizi hurekebishwa kufuatana na bei. Kwa 480, watoto watatu wanampunguzia 1,440 kwa mwaka, yaani 120 kwa mwezi, na mapato yanayohesabiwa yanakuwa 2,280. Sehemu yake kwa kawaida ni asilimia 30 ya hayo, ambayo ni dola 684. Ikiwa kiwango cha kodi ambacho mamlaka imeweka kwa nyumba yenye idadi ya vyumba inayoifaa familia yake ni 1,300 pamoja na gharama za umeme na maji, mamlaka italipa 616. Akipenda nyumba ya 1,450, zile 150 za ziada ni zake, juu ya 684. Na anapoingia nyumba mpya haruhusiwi kuchukua nyumba itakayomfanya alipe zaidi ya asilimia 40 ya mapato yaliyohesabiwa, ambayo kwake ni dola 912.

Ndugu msomaji, tazama tena ile 684. Ni fedha ambazo lazima zitoke kila mwezi kabla ya chakula, basi, nguo za baridi na simu. Tena akiongezwa mshahara, sehemu yake inapanda pamoja nao. Fedha anazotuma Uganda hazipunguzwi katika hesabu hiyo hata senti moja. Mbele ya mamlaka ni kana kwamba bado anazo. Kinyume chake, mtu akimtumia fedha mara kwa mara, zinaweza kuhesabiwa kuwa mapato yake. Akipoteza kazi anapaswa kutoa taarifa mapema ili sehemu yake ishushwe, na wanaochelewa kwa aibu huishia na deni la kodi.

Kuna sharti moja ambalo ni gumu kwetu kuliko yote, nalo ni la nani analala ndani. Waliomo kwenye vocha ni wale walioandikwa. Mtoto akizaliwa, ofisi iarifiwe. Mtu mzima akitaka kuhamia, ruhusa ya mamlaka na ya mwenye nyumba itangulie. Kwa desturi zetu, mdogo wako akifika na begi lake usiku huulizwi kama utampokea, na siku za kukaa kwake hazihesabiwi. Kule zinahesabiwa, kwa kuwa mkataba hutaja siku ambazo mgeni anaweza kukaa, na mgeni aliyepitiliza na ambaye ana kazi anatazamwa kama mapato yaliyofichwa. Familia inaweza kudaiwa fedha ilizopunguziwa na hata kunyang’anywa vocha. Kwa hiyo dada anayesema hawezi kumkaribisha binamu kwa mwaka mzima hajakosa utu. Analinda paa la watoto wake, na ni wajibu wetu kumwamini.

Kila mwaka, au kwa kipindi ambacho mamlaka imepanga, familia huhojiwa upya juu ya mapato na watu wake, na nyumba hukaguliwa kwa vipindi. Ombi likikataliwa, au msaada ukisimamishwa, barua hueleza sababu na hutaja siku za kuomba uamuzi uangaliwe upya. Siku hizo ni chache, na mtu asiyesoma Kiingereza anapaswa kuuliza palepale kama ofisi ina mkalimani wa Kiswahili, badala ya kuiweka barua kabatini hadi mtoto atoke shule.

Neno la mwisho la tahadhari linawahusu walioko hapa. Kuomba kuingia kwenye orodha za mamlaka hizi hakulipiwi. Anayekudai fedha Kampala, Mbarara au kwenye makazi ya Kyangwali ili akuandikishie nyumba ya Marekani kabla hujasafiri ni tapeli, kwa sababu mkimbizi anayehamishwa hatafutiwi nyumba kwa orodha hizi, bali na shirika linalompokea, tena kwa msaada wa miezi michache ya mwanzo. Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mnamo Januari 2025, familia nyingi zimebaki njiani na faili zao, na mtu aliyekata tamaa ni rahisi kumuuzia fomu.

Tulirudi kwenye ile picha yenye kivuli cha kidole, mimi na yule mama, tukaikuza hadi mistari ya chini ikasomeka. Kisha tukamwandikia mdogo wake maswali matatu: aliomba mlango gani, anwani iliyoko kwenye barua ni ile anayoishi sasa, na majina ya watoto kwenye ombi yanalingana na vyeti vyao? Jibu lilikuja usiku. Ilikuwa vocha, na anwani ilikuwa sahihi, lakini mtoto wa pili, aliyezaliwa Nakivale, hakuwahi kuwa na cheti. Ofisi haikuwa imekidai bado. Asubuhi yake mama aliwaeleza majirani uani kwamba nyumba haijapatikana, akafunga chumba chake, akapanda boda kwenda kuulizia cheti.